Shokapu za Nyuma: Jinsi ya Kuzifunga na Kuzirekebisha

Ninatumaini kila mmoja yupo mahali pake, ana daftari lake na kalamu yake, na kiongozi wa darasa yu tayari mbele ya ubao. Aliyesahau miwani yake nyumbani akae karibu na jirani yake.

Leo tutajifunza habari ya gari. Najua wengi wetu hatuna gari. Lakini nani kati yetu hajapanda nyuma ya Land Rover au Land Cruiser, juu ya magunia, akitoka shamba kwenda sokoni Kibaigwa? Na nani hajashuka mgongo ukimuuma, akauliza, "Hivi gari hili lina nini?" Basi somo hili ni la dereva, ni la mwenye mahindi, na ni la abiria pia.

Kwanza tuandike maneno matano. Kiongozi ayaandike ubaoni, nasi tuyasome pamoja, polepole.

sho-ka-pu
spri-ngi
ek-se-li
na-ti
ra-ba

(Pumziko la dakika moja. Wanafunzi wasome maneno mara mbili, kisha wayanakili.)

Vizuri. Sasa tuendelee.

SHOKAPU NI KITU GANI?

Wengine huiita shokamzoba, wengine shokapu. Ni kitu kilekile. Ukiinama nyuma ya gari, karibu na gurudumu, utaona mcheduara wa chuma uliosimama kwa kuinama kidogo. Kichwa chake kimefungwa kwenye chesisi, yaani mifupa ya gari, na mguu wake umefungwa kwenye ekseli, yaani kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Karibu yake utaona springi. Katika magari mengi ya mizigo, springi za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini. Katika magari mengine springi ni chuma kilichosokotwa kama nyoka aliyejiviringa.

Watu wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo inayobeba mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi. Shokapu ina kazi nyingine. Shika kijiti chembamba cha mti mbichi, kivute halafu kiachie. Je, kinasimama mara moja? La. Kinatikisika huku na huku, tena na tena, mpaka kichoke. Springi nayo ni hivyo. Gari likipita shimoni springi hubanwa, halafu hujirudi na kulirusha gari juu, halafu hubanwa tena. Isipokuwapo shokapu, gari litarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba asubuhi.

Ndani ya shokapu mna mafuta, na mna pistoni yenye matundu madogo. Gari likishuka au likipanda, pistoni nayo husogea, na mafuta hulazimishwa kupita katika matundu yale. Matundu ni madogo, kwa hiyo mafuta hupita kwa shida, na shida ile huipunguza nguvu ya kuruka. Nguvu hiyo haipotei. Inageuka kuwa joto. Ndiyo sababu, baada ya safari ya njia mbaya, shokapu nzima huwa ya moto. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji baadaye.

Zipo shokapu za kawaida, ambazo ugumu wake umewekwa kiwandani na haubadiliki. Na zipo shokapu za kurekebishwa, ambazo mwenye gari anaweza kuzifanya laini au ngumu kadiri anavyotaka. Hizi za pili ndizo tutakazozisoma leo.

NJIA ZETU NA MIZIGO YETU

Kibaigwa ni mji uliopo katika Wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Soko lake la mahindi linajulikana nchi nzima. Mahindi huja kutoka vijiji vya Kongwa, na mengine hutoka mbali upande wa Kiteto. Barabara kuu ni ya lami, lakini mahindi hayaoti juu ya lami. Huanza safari yake shambani, hupita njia za vumbi, huvuka makorongo, hupita juu ya vijituta vilivyojipanga kama mikunjo ya bati. Wakati wa masika njia hugeuka matope. Wakati wa kiangazi udongo hukauka ukawa kama tofali.

Nchi hii haina huruma kwa mashine. Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, Kongwa ilikuwa mahali pao pa kwanza. Walileta matrekta mengi, lakini udongo mkavu ulikula majembe yao, na matrekta yaliharibika kwa wingi. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Palikuwa na sababu nyingine pia, kama vile uhaba wa mvua. Lakini sisi tuchukue funzo hili: anayepeleka chombo katika njia hizi ajue kukitunza.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme gari limeruhusiwa kubeba kilo 1,000. Tunapakia magunia 8, na kila gunia lina kilo 100.

8 × 100 = 800

Juu ya magunia wanapanda watu 3, kila mtu ana kilo 70.

3 × 70 = 210

Jumla ni 800 + 210 = 1,010. Tumezidisha kilo 10. Na kama magunia yale ni lumbesa, kila moja lina kilo 130, hesabu inakuwaje? 8 × 130 = 1,040. Hata kabla mtu mmoja hajapanda, tumekwisha pita kipimo! Lumbesa humpunja mkulima sokoni, na njiani huivunja springi. Wala msidanganyike: kuikaza shokapu iwe ngumu hakuongezi hata kilo moja ya mzigo unaoruhusiwa. Nimekwisha sema, shokapu haibebi mzigo.

DALILI ZA SHOKAPU ILIYOKUFA

Andikeni dalili hizi nne:

1. Mafuta yanachuruzika kwenye mwili wa shokapu, na vumbi limegandamana juu yake.
2. Ukikandamiza nyuma ya gari tupu kwa nguvu na kuachia, linapanda na kushuka mara nyingi. Gari zima hupanda mara moja, likatulia.
3. Tairi imelika kwa mabaka mabaka, hapa imeliwa, hapa haikuliwa.
4. Baada ya safari ya njia mbaya, shokapu moja ni ya moto na mwenzake ni baridi. Ile baridi haifanyi kazi. Sogeza mkono polepole, usiushike ghafla usije ukaungua.

Usidharau dalili hizi kwa kuwa gari bado linatembea. Gurudumu linalorukaruka haligusi ardhi sawasawa, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kufunga breki. Dereva atakanyaga breki mbele ya mtoto anayevuka njia, na gari litaendelea kwenda.

JINSI YA KUFUNGA

Kabla ya kununua, hakikisha shokapu ni ya gari lako na ya urefu wake. Ikiwa fupi mno, gurudumu likining'inia itavutika mpaka mwisho na kukatika. Ikiwa ndefu mno, gari likibanwa itagonga chini kabla ile raba ya kuzuia, iliyo kati ya chesisi na ekseli, haijaguswa. Tena zinunuliwe mbili kwa pamoja, ya kulia na ya kushoto. Shokapu ni kama jozi ya viatu.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza, simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Weka mawe au vigogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.

Pili, inua nyuma kwa jeki, halafu weka stendi imara za chuma chini ya chesisi. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Narudia: usiingie kamwe. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea uhai. Matofali nayo hupasuka bila kuaga.

Tatu, tegemeza ekseli pia, kwa jeki ya pili. Ukifungua shokapu bila kuitegemeza, ekseli inaweza kushuka na kuvuta mpira wa breki. Na kama springi ni ya kusokotwa, inaweza hata kuchomoka.

Nne, piga nati brashi ya chuma, zitie mafuta ya kulainisha kutu, kisha subiri. Fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende upande wa pili. Hivyo utakuwa na mfano wa kuutazama ukisahau raba ipi ilikaa wapi.

Tano, itazame shokapu mpya. Kama ina mshale unaoonyesha juu, ufuate. Kama ni ya mafuta isiyofungwa kwa mkanda, isimamishe wima, uivute na kuibana mara kadhaa mpaka iende sawasawa, kwa maana ikilazwa dukani hewa huingia mahali pa mafuta. Kama imefungwa kwa mkanda, ndani mna gesi iliyoshindiliwa. Usikate mkanda mpaka iwe mahali pake. Na shokapu ya gesi usiichome moto wala usiitoboe, hata ikiwa mbovu.

Sita, funga juu, kisha funga chini. Ile fimbo inayong'aa usiishike kwa koleo. Mkwaruzo mdogo utakata mpira unaozuia mafuta, na shokapu mpya itavuja ndani ya muda mfupi.

Saba, kukaza. Hapa pana namna mbili. Kama shokapu ina msumari wenye raba mbili, kaza nati mpaka raba itanuke ikawa sawa na upana wa washa yake, halafu acha. Ukizidi, raba itapasuka. Kama shokapu ina jicho, na bolti hupita ndani ya jicho, kaza kidogo tu kwanza. Teremsha gari lisimame juu ya magurudumu yake, ndipo ukaze kabisa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Ukikaza gari likiwa limening'inia, raba itabaki imesokoteka siku zote na haitadumu.

Baada ya safari ya kwanza, kagua nati zote tena.

(Pumziko la dakika mbili. Kiongozi aulize: Kwa nini tunategemeza ekseli? Kwa nini tunafungua upande mmoja kwanza?)

JINSI YA KUREKEBISHA UGUMU

Zipo namna nyingi, tutazame mbili.

Namna ya kwanza ina kitasa kidogo ubavuni, chenye namba. Kwa mfano, Rancho RS9000XL ya Marekani ina namba 1 hadi 9. Namba 1 ni laini kabisa, namba 9 ni ngumu kabisa. Huhitaji kuifungua kutoka kwenye gari. Unazungusha kitasa kwa mkono.

Namna ya pili haina kitasa. Shokapu nyingi za kurekebishwa za Koni ya Uholanzi ni hivyo. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1857 kwa kutengeneza vifaa vya farasi. Shokapu ya namna hii hutolewa kwenye gari. Mguu wake hubanwa wima kwenye jiriwa, kwa uangalifu. Kama ina raba chini ya kifuniko cha vumbi, huondolewa kwanza. Halafu fimbo hubanwa mpaka mwisho, huku ikizungushwa taratibu kwenda kushoto, mpaka uone meno yamekamatana chini. Endelea kushoto huku ukihesabu nusu-mizunguko mpaka ikatae. Hapo ndipo laini kabisa. Usilazimishe.

Sasa zungusha kulia. Kila nusu-mzunguko huongeza ugumu. Tuseme ulipokwenda kushoto ulihesabu 1, nawe unataka kuongeza 1. 1 + 1 = 2. Basi zungusha kulia nusu-mizunguko 2. Kisha ivute moja kwa moja, bila kuizungusha, meno yaachane. Rudisha raba yake. Fanya vilevile shokapu ya pili.

HABARI YA NAMBA 6 NA NAMBA 9

Sasa sikilizeni mfano huu. Tuseme pana dereva kijana, hodari kazini, ila hakubahatika kusoma, naye huona haya kusema. Mwenye gari amemwagiza aweke namba 6 pande zote mbili. Kijana alijua sura ya namba 6, kwa kuwa alionyeshwa kwenye karatasi. Akalala chini ya gari, akaweka kulia, akahamia kushoto akaingia kwa kichwa kutoka upande mwingine. Akaona 6, akafurahi. Wakapakia mahindi, na mama wawili wakapanda juu.

Njiani mkia wa gari ukawa unatupwa upande mmoja. Walipoteremka korongoni gurudumu la kushoto likaruka, gari likaserereka, magunia mawili yakaanguka. Kwa bahati mama wale walikuwa wameshika vyuma. Mahindi yalimwagika mchangani, na nusu ya siku ikapotea kwa kuyazoa.

Kijana akamwendea fundi mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari limekutenda nini?"

"Sijui, mzee. Nimeweka 6 huku na 6 huku, lakini linavuta mkia."

Mzee akalala chini, akatazama, akatoka akijipangusa vumbi. "Huku ni 6, mwanangu. Huku ni 9. Wewe uliitazama kichwa chini."

Kijana akainama. "Mzee, nikuambie kweli. Mimi kusoma sijui."

"Mimi ninajua kusoma," mzee akajibu, "na nikilala pale chini hata mimi 9 huiona 6. Sitegemei macho. Ninarudisha kitasa mpaka 1, mahali kinapokataa, halafu ninahesabu milio: tik, mbili; tik, tatu; mpaka 6. Hesabu haigeuki kichwa chini. Lakini madarasa ya jioni yapo, mwanangu. Nenda."

Ndugu zangu, aibu si kutojua. Kijana yule angalisema mapema, mahindi yasingalimwagika. Nanyi mliokaa darasani jioni hii baada ya kazi za mchana kutwa mmekwisha ishinda aibu ile.

UGUMU KIASI GANI?

Hakuna namba moja inayofaa siku zote. Kama kitabu cha shokapu kinataja namba ya kuanzia, anza nayo. Kama hakitaji, anza upande wa laini. Chagua kipande kimoja cha njia unachokijua. Pita hapo na mzigo wako wa kawaida, kwa mwendo wa kawaida. Ongeza hatua moja tu, pita tena. Usibadili mambo mawili kwa mara moja, maana hutajua lipi limesaidia.

Ikiwa laini mno, mkia wa gari hupanda na kushuka mara kadhaa baada ya kila shimo, na gari huyumba katika kona. Ongeza.

Ikiwa ngumu mno, mkia hupiga teke, na gurudumu hurukaruka juu ya vile vijituta vya bati. Tena kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi. Springi ikibanwa na kituta cha kwanza, shokapu ngumu huizuia isirudi haraka. Kabla haijanyooka, kituta cha pili kimefika, na cha tatu. Springi hubanwa zaidi na zaidi, mkia unashuka, mpaka chuma kinagonga raba ya kuzuia. Dereva hudhani shokapu ni laini, akaikaza zaidi, kumbe anaharibu. Punguza.

Gari likiwa na mzigo, huhitaji ugumu zaidi kidogo. Likirudi tupu, punguza. Lakini siku zote kulia na kushoto ziwe sawa.

Mwisho, chora meza ndogo katika daftari lako: tarehe, mzigo, namba ya kulia, namba ya kushoto, na vile gari lilivyokwenda. Akili ya mtu husahau, lakini daftari hukumbuka. Dereva mwenye daftari la namna hii ana mali, na atakayeshika usukani baada yake atamshukuru.

MASWALI YA KUJIBU

1. Ni kitu gani kinachobeba mzigo, shokapu au springi?
2. Gari limeruhusiwa kilo 1,000. Lina magunia 7 ya kilo 100, na watu 4 wa kilo 70. Je, limezidi? (Fanya hesabu.)
3. Taja dalili mbili za shokapu iliyokufa.
4. Kwa nini fundi mzee alihesabu kuanzia 1?

KAZI YA NYUMBANI: Nenda kwenye gari lolote kijijini, umwombe mwenyewe ruhusa, uiname uitazame shokapu ya nyuma bila kuingia chini. Andika sentensi tatu juu ya uliyoyaona. Kama gari ni la mtu anayekupakia mahindi yako, andika sentensi ya nne, kisha umsomee.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Kwaherini, na safari njema kwa wote waendao sokoni.